Mpwa wangu anaendesha lori Marekani: je, kisu kilicho halali Texas ni halali pia Chicago na New York?

MjombaUjiji (Ujiji, Kigoma)

Shikamooni wakubwa wangu, na wadogo zangu wote nawasalimu.

Ninaomba kueleweshwa jambo la kisheria ambalo limeninyima utulivu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa upande wa Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa, alikulia katika kambi ya Nyarugusu baada ya vita kuwavusha, na baadaye familia yao ilipelekwa Marekani kwa mpango wa kuwapatia wakimbizi makazi mapya. Leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto, anaishi Texas, ana hadhi ya mkazi wa kudumu lakini bado hajawa raia, na riziki yake anaipata kwa kuendesha lori la masafa marefu. Wiki moja yuko Illinois, wiki nyingine yuko New York au California.

Kazini anatumia kisu cha kukunja chenye bapa la karibu inchi nne, ambacho huning'inia kwenye ukingo wa mfuko wa suruali kwa kibanio chake cha chuma. Anakitumia kukatia kamba za turubai na mikanda ya plastiki inayofungia mizigo, na wakati wa mapumziko anamenyea matunda. Wenzake wa Texas wamemhakikishia kwamba hakuna sheria anayoivunja. Dereva mwingine, hata hivyo, amemwonya kwamba kisu hicho hicho kinaweza kumtia mbaroni akiwa Chicago, na kwamba New York mambo ni tofauti tena. Amenipigia simu kuniuliza kwa sababu mimi ndiye mjomba wake na ndiye ambaye amezoea kumtafuta anapokwama, lakini safari hii sikuwa na jibu la kumpa.

Sisi huku tumezoea kwamba ukitoka Kigoma ukapita Tabora hadi ukafika Dar es Salaam, Kanuni ya Adhabu ni ile ile. Mvuvi wa Kibirizi anaposhuka mwaloni na kisu cha kupasulia migebuka hakuna anayemsimamisha, na angekuwa Mwanza ingekuwa vivyo hivyo. Inawezekanaje basi nchi moja iwe na sheria zinazopishana kiasi hicho kuhusu kitu kidogo kama kisu cha mfukoni? Na je, mtu ambaye kazi yake ni kuvuka mipaka ya majimbo kila siku atazame nini kabla ya kuvuka? Ninaomba majibu ya watu wanaolifahamu jambo hili, kwa maana kijana ana familia inayomtegemea huko na nyingine inayomtegemea hapa.

---

WakiliTabora

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni wakili hapa Tabora, na ingawa kazi yangu ya kila siku ni mashauri ya hapa nyumbani, sheria ya jinai ya Marekani ni eneo ambalo nimelisoma na ninaendelea kulifuatilia. Nitajitahidi kukueleza kwa utaratibu.

Umesema kweli kuhusu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwamba inatumika Tanzania Bara yote. Hata kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayowatia watu hofu limeandikwa humo mara moja tu, kwa ajili yetu sote. Lakini kumbuka kwamba ukipanda boti kwenda Unguja unaingia katika mamlaka yenye sheria yake ya adhabu. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na sheria yake ya jinai. Serikali ya shirikisho inatunga sheria za jinai kwa mambo machache yaliyo chini yake, na mengine yote ni ya majimbo. Chini ya majimbo kuna majiji, ambayo yanaweza kutunga sheria ndogo kali kuliko za jimbo, isipokuwa pale ambapo jimbo limeyakataza. Kwa hiyo mpwa wako anapoegesha lori mahali fulani, kisu chake kinatazamwa na sheria ya shirikisho, sheria ya jimbo na sheria ndogo ya jiji, na wakati mwingine pia na masharti ya jengo lenyewe analoingia.

Sheria kuu ya shirikisho kuhusu visu ni ya mwaka 1958. Inahusu visu vinavyofyatuka kwa springi mtu anapobonyeza kitufe kwenye mpini, na inakataza kuviingiza nchini na kuvifanyia biashara kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwaka 2009 ilirekebishwa ili visu ambavyo mtu huanza kuvifungua kwa kidole, kisha springi ikasaidia kumalizia, visihesabiwe katika kundi hilo. Hiyo haimgusi mpwa wako ikiwa kisu chake kinafunguliwa kwa mkono. Kinachomgusa ni kifungu kingine cha shirikisho kinachokataza kuingia na silaha ya hatari katika majengo ya serikali hiyo. Kifungu hicho kinasamehe kisu cha mfukoni chenye bapa lililo chini ya inchi mbili na nusu, yaani kama sentimita sita na robo. Cha mpwa wako kinazidi. Adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja, na kwa majengo ya mahakama miaka miwili.

Sasa twende kwenye majimbo. Texas wamelegeza sana. Tangu tarehe 1 Septemba 2017, mtu mzima anaruhusiwa kubeba karibu kisu cha aina yoyote. Kilichobaki ni kipimo cha inchi tano na nusu: bapa likizidi hapo, kisu hakiruhusiwi katika maeneo yaliyotajwa na sheria, miongoni mwake shule, mahakama, vituo vya kupigia kura, hospitali, nyumba za ibada, viwanja vya michezo wakati wa mashindano, na baa ambazo zaidi ya nusu ya mapato yake yanatokana na pombe. Kisu cha inchi nne hakifiki huko. Zaidi ya hapo, tangu 2015 bunge la Texas limeyazuia majiji yake kutunga sheria ndogo za visu zinazozidi za jimbo. Arizona ndiyo iliyotangulia kuchukua hatua ya namna hiyo, mwaka 2010, na Tennessee nao wamefuata njia hiyo. Ndiyo maana wenzake wa Texas wanaongea kwa kujiamini, na kwa upande wa jimbo lao hawajakosea.

Tatizo linaanza anapovuka. Jiji la Chicago lina sheria ndogo inayokataza kubeba kisu kilichofichwa mwilini ikiwa bapa lake linazidi inchi mbili na nusu. Kisu cha inchi nne kilichotumbukizwa mfukoni kinaivunja sheria hiyo moja kwa moja, hata kama hajamtishia mtu yeyote na hata kama alikuwa anaenda kununua chakula tu. Dereva aliyemwonya amemtendea wema. Nako Illinois, katika ngazi ya jimbo, kisu cha kufyatuka kwa springi kinaruhusiwa tu kwa mtu mwenye kitambulisho cha jimbo hilo cha umiliki wa silaha, ambacho mkazi wa Texas hana.

New York ni somo peke yake. Kwa zaidi ya miaka 60 jimbo hilo lilipiga marufuku visu vinavyofunguka kwa uzito wa bapa au kwa kukung'uta mkono, na kwa kuwa askari waliweza kufungua visu vingi vya kawaida vya kazini kwa kuvikung'uta kwa nguvu, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao mafundi na vibarua waliokuwa na vifaa vyao vya kazi. Marufuku hiyo iliondolewa Mei 2019. Lakini jiji la New York lina sheria ndogo zake ambazo bado zipo: bapa la inchi nne au zaidi haliruhusiwi mahali pa umma, na kisu cha urefu wowote hakiruhusiwi kuonekana nje ya nguo. Kuna nafuu kwa mtu ambaye kazi yake kwa kawaida inahitaji kisu, akiwa kazini au akienda na kurudi moja kwa moja. Hata hivyo nafuu hiyo mara nyingi mtu anaieleza mbele ya hakimu, baada ya kukamatwa.

California nayo ina jambo ambalo kila dereva anapaswa kulijua. Sheria ya jimbo inaruhusu kubeba kisu cha kukunja kilichofungwa, hata kikiwa kimefichwa mfukoni, lakini kisu kisichokunjwa lazima kiwe ndani ya ala na kining'inie kiunoni waziwazi, kwa sababu kukificha ni kosa. Ukiingia jiji la Los Angeles, sheria ndogo inakataza kubeba waziwazi kisu chenye bapa la inchi tatu au zaidi, isipokuwa kwa sababu chache kama kazi halali, burudani au dini. Hivyo mtu aliyefunga kisu chake kisichokunjwa kiunoni ili kuitii sheria ya jimbo anaweza kujikuta ameivunja ya jiji, na akikificha ili kulitii jiji anavunja ya jimbo.

Jambo la mwisho, ambalo huwashangaza wengi: kwa wasafiri wenye bunduki ipo sheria ya shirikisho ya 1986 inayowalinda wanapopita katika jimbo lenye masharti makali, mradi bunduki haina risasi, imefungiwa mbali na mkono, na ni halali huko wanakotoka na wanakokwenda. Sheria hiyo haikutaja visu. Mpwa wako hawezi kumwambia askari wa Chicago kwamba yeye anapita tu kutoka Texas.

---

DerevaMstaafu_Kibirizi

Mjomba, nimesoma maelezo ya wakili na ninamshukuru, kwa sababu ameyapanga vizuri mambo ambayo sisi madereva tulijifunza kwa kuulizana kwenye vituo vya mafuta. Niliendesha malori huko kwa muda mrefu kabla ya kurudi nyumbani, na ningependa niongeze upande wa barabarani.

Kwanza hicho kibanio cha chuma. Vijana wengi wanadhani kwamba kisu kilichobanwa kwenye ukingo wa mfuko, kikaonekana kidogo, ni salama zaidi kwa kuwa hakijafichwa. Katika baadhi ya majimbo ni kweli. Lakini wakili amekwambia kwamba jiji la New York linakataza kisu kuonekana nje ya nguo, na kibanio hicho ndicho ambacho jicho la askari hukiona kwanza. Chicago nako ni kinyume chake, kosa liko katika kuficha. Ukitaka kuishi kwa kubahatisha kati ya miji hiyo miwili, utabadilisha jinsi ya kubeba kila unapovuka daraja, na siku moja utasahau.

Ushauri wangu kwa dereva wa masafa marefu ni kwamba achague kisu kinachopita katika mji ulio mkali kuliko yote anayoipitia, kisha akitumie hicho hicho kila mahali. Bapa lisizidi inchi mbili, lisifyatuke kwa kitufe, liwe na makali upande mmoja, na likae ndani ya mfuko bila kuonekana. Kwa mikanda ya plastiki na turubai hahitaji hata kisu cha namna hiyo. Kuna kile kikata-mkanda chenye wembe uliozama ndani ya plastiki, ambacho hakina ncha ya kumchoma mtu, na ndicho maghala mengi ya kule yanachoruhusu ndani. Maghala makubwa yana masharti yake: kuna mahali ambapo mlinzi wa getini hakubali kisu cha aina yoyote, na dereva anayebishana naye anakosa mzigo.

Kisu kirefu, kama anakihitaji, kikae ndani ya sanduku la vifaa nje ya kabini, pamoja na minyororo na nyundo za kupigia matairi, kikiwa kimefungiwa. Sisemi kwamba hilo linamwondolea kila hatari. Michigan, kwa mfano, ina sheria inayotaja jambia na kisu kisichokunjwa chenye makali pande mbili hata kikiwa ndani ya gari, kiwe kimefichwa au hakijafichwa. Lakini kisu cha kazi kilichofungiwa pamoja na vifaa vya kazi kinajieleza chenyewe kuliko kisu kilicho chini ya mto wa kitanda cha kabini.

Awe mwangalifu pia anapopata mzigo wa kambi ya jeshi au ofisi ya serikali. Pale getini sheria ya jimbo peke yake haimtoshi, hata kama kambi yenyewe iko katikati ya Texas.

Askari akimsimamisha, mikono ibaki kwenye usukani. Akiulizwa kama ana kisu, asikitoe ili kukionyesha, jambo ambalo sisi watu wa huku tungelifanya kwa nia njema kabisa. Aseme kilipo, kisha asubiri kuambiwa. Hilo ninalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa.

---

MkaziMwanga

Samahani kwa kuuliza, lakini si ingekuwa rahisi zaidi kijana aache kubeba kisu kabisa? Huku kwetu mtu mwenye kisu sokoni bila kuwa na bucha au samaki tungemtilia shaka.

---

WakiliTabora

Ndugu MkaziMwanga, hoja yako ina uzito, na kwa siku ambazo hayuko kazini ningemshauri hivyo hivyo. Lakini dereva anayefungua mizigo anahitaji kifaa cha kukatia, na sheria nyingi za majimbo zinalitambua hitaji hilo. Kentucky, kwa mfano, inapotaja silaha za kuua inaviacha nje visu vya kawaida vya mfukoni na visu vya kuwindia. Ohio ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 ili kisu kilichofichwa kisihesabiwe kuwa silaha ya kuua isipokuwa kimetumika au kimebebwa kama silaha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatia, kwa sababu katika majimbo mengi nia ya mbebaji ndiyo inayokigeuza kifaa kuwa silaha.

Ndiyo maana swali dogo la askari, "hiki unabebea nini?", lina uzito mkubwa. Ikiwa jibu la kweli ni kukata mikanda ya mizigo, hilo ndilo jibu, na kisu chenyewe kilichochakaa kwa gundi na vumbi la makaratasi kitamsaidia. Akijibu kwa kujigamba kwamba kisu ni cha kujilinda na wezi, ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe mahali ambapo sheria inauliza kama kisu kimebebwa ili kimdhuru mtu. Sheria ya New York inakwenda mbali zaidi: ukikutwa na jambia au kisu cha hatari kilichotengenezwa hasa kwa ajili ya kushambulia, inachukuliwa tangu mwanzo kwamba ulikusudia kukitumia isivyo halali, ingawa unaweza kuleta ushahidi wa kuipinga dhana hiyo.

Ni vema pia mfahamu kwamba sheria hizi zinaendelea kubadilika kupitia mahakama. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2022 kuhusu haki ya kubeba silaha, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts iliamua Agosti 2024 kwamba marufuku ya jimbo hilo dhidi ya kubeba visu vya kufyatuka inapingana na Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Kwa hiyo orodha aliyoipata mtu miaka mitano iliyopita isitumike leo. Sheria za majimbo zinasomwa bure mtandaoni, na majiji mengi yanachapisha sheria ndogo zao. Mpwa wako anaweza kuzisoma kwa simu kabla ya kuwasha injini.

---

MjombaUjiji

Nimewaelewa, na nimemsomea mpwa wangu kwa simu karibu yote mliyoandika. Amekubali kununua kisu kifupi na kile kikata-mkanda.

Bado nina wasiwasi kuhusu hadhi yake. Ameniambia kwamba ikitokea akakamatwa kwa kisu, wenzake wanasema unalipa faini asubuhi na mchana unarudi barabarani. Je, kwa mtu ambaye bado hajawa raia ni jambo jepesi hivyo?

---

MamaKasulu

Kaka yangu, swali hilo ndilo hasa lililonifanya nijisajili ili nikujibu, kwa sababu nilishiriki kuwaandaa wakimbizi kambini kabla ya safari, na nimeona jinsi jambo linaloonekana dogo linavyoweza kuwafuata watu kwa miaka.

Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anatakiwa kuomba ukazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, ambayo kwa mkimbizi huhesabiwa tangu siku alipoingia nchini. Fomu ya uraia inauliza kama mwombaji amewahi kukamatwa au kushtakiwa popote. Inataka aseme hata kama kesi ilifutwa, na hata kama kumbukumbu zilifungwa. Ofisa anapima kama mwombaji amekuwa na mwenendo mwema katika kipindi hicho. Kukutwa tu na kisu kinachozidi kipimo cha jiji hakumfanyi mtu afukuzwe nchini, na sitaki umtie kijana hofu isiyo na msingi. Lakini shtaka likiandikwa kwamba alibeba kisu kwa nia ya kumdhuru mtu, hilo ni jambo zito la namna nyingine kabisa mbele ya mamlaka za uhamiaji. Na kuficha kukamatwa kwenye fomu ni kubaya kuliko kukamatwa kwenyewe.

Ndiyo sababu asikubali kamwe kukiri kosa ili tu alipe faini na aondoke. Kabla ya kukiri chochote azungumze na wakili, na amwambie wakili huyo tangu mwanzo kwamba yeye si raia. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Jose Padilla dhidi ya jimbo la Kentucky. Padilla alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Honduras, mkazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, tena aliyewahi kupigania Marekani katika vita vya Vietnam. Alikamatwa na bangi ndani ya lori, na wakili wake akamwambia asihofu kuhusu uhamiaji kwa kuwa alikuwa ameishi nchini muda mrefu. Akakiri kosa, na kukiri huko kukamweka katika hatari ya kufukuzwa. Mahakama iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumletea kufukuzwa. Kosa la Padilla halikuwa la kisu, lakini haki iliyopatikana katika kesi ile ni ya kila mteja asiye raia, na mpwa wako anapaswa kuijua kwa jina.

Haki ya kunyamaza ni yake pia, hata kama si raia. Na aombe mkalimani. Vijana wetu wanajua Kiingereza cha barabarani na wanaona aibu kuomba mkalimani, kisha wanaitikia kila swali kwa "ndiyo" kwa heshima, kama walivyolelewa kumwitikia mkubwa. Mbele ya askari anayeandika, itikio hilo la adabu linakuwa maelezo ya mshtakiwa.

Siku ya mahojiano ya uraia asiende na kisu chochote, hata kile kifupi. Sheria ya shirikisho inasamehe bapa lililo chini ya inchi mbili na nusu, lakini walinzi wa mlangoni wana masharti yao, na hakuna sababu ya kuanza siku ile kwa mabishano langoni.

---

DerevaMstaafu_Kibirizi

Ninaunga mkono kila neno la dada MamaKasulu. Na karatasi zote za faini, hata ya kuegesha lori vibaya, azihifadhi.

---

MjombaUjiji

Mungu awabariki. Nina swali moja la mwisho, ambalo linahusu zawadi. Kuna mhunzi hapa Ujiji ambaye marehemu babu yake mpwa wangu alimthamini sana, na nilikuwa nimemwagiza kisu kisichokunjwa, chenye makali pande mbili na mpini wa mpingo, kiende na jamaa yetu anayesafiri kwa ndege kwenda Dallas. Je, kitamletea matatizo?

---

WakiliTabora

Mzee wangu, ukiwa na nafasi ya kubadilisha agizo, libadilishe. Marufuku ya shirikisho ya kuingiza visu nchini inahusu vile vya kufyatuka, kwa hiyo kisu cha mhunzi hakimo. Katika ndege kisiwekwe kabisa kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu kitachukuliwa kwenye ukaguzi na jamaa yenu ataulizwa maswali. Kiwekwe kwenye sanduku linalopakiwa chini, ndani ya ala ngumu, kikiwa kimefungwa vizuri ili mkaguzi anayefungua sanduku asijikate, na msafiri akitaje kwa maofisa wa forodha wakimuuliza alichobeba.

Tatizo ni makali ya pande mbili. Katika majimbo mengi hiyo ndiyo alama inayokitoa kisu katika kundi la vifaa na kukiingiza katika kundi la majambia. Nyumbani kwake Texas hakitakuwa na shida. Lakini kikisahaulika ndani ya lori siku ya safari, akafika nacho New York au Michigan, maelezo yake kwamba ni zawadi ya mjomba hayatamsaidia barabarani. Mwambie mhunzi anoe upande mmoja tu, bapa liwe chini ya inchi tano na nusu, na mpini ubaki wa mpingo kama ulivyotaka. Kisha mwelekeze mpwa wako akitundike ukutani sebuleni, mahali ambapo watoto hawafiki, na asikipakie kwenye lori hata kwa safari ya ndani ya Texas.

---

MjombaUjiji

Nimetoka kwa mhunzi sasa hivi. Alikuwa hajaanza kunoa upande wa pili, na amekubali kuuacha hivyo. Jamaa yetu anaondoka Kigoma kwa treni ya Ijumaa kwenda kupandia ndege Dar es Salaam, kwa hiyo ala ya ngozi ngumu ninaitafuta leo Mwanga. Nitamtumia mpwa wangu jina la kesi ya Padilla kwa maandishi ili alihifadhi kwenye simu yake.